Sheria ya Wote na Mzigo wa Mama

Sheria ikiwa moja kwa watu wote, je, imekwisha kuwa ya haki kwa watu wote? Wasomaji wapenzi, swali hili ni la zamani, na wenye hekima wa inchi nyingi wameliuliza. Lakini leo hatutaki kuliuliza juu ya mambo makubwa ya wafalme na mataifa. Twataka kuliuliza juu ya maji, kuni, moshi, mvua na homa, maana ndiyo mambo yanayogusa nyumba zetu kila siku, na ndiyo mambo ambayo Serikali zimeyatungia sheria nyingi katika miaka hii yetu.

Watu wengi wakisikia habari ya usawa wa mwanaume na mwanamke, hufikiri mara moja juu ya viti vya wabunge, mahari, urithi na maneno ya nyumbani. Wakisikia habari ya sheria ya maji, ya misitu au ya afya, hufikiri juu ya mafundi, waganga na walinzi wa pori. Hawaoni namna gani mambo hayo mawili yanakutana. Husema: «Mvua haichagui, ikinyesha, inamnyea mume na mke. Homa nayo haichagui. Sheria ya mambo hayo ina nini na usawa wa wanawake?» Maneno hayo yana sura ya akili. Kwa hiyo hatutayatupa, tutayapima.

Tutazame kwanza mambo yenyewe

Tuanze na maji. Mwaka 2023 mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, lile la watoto na lile la afya, yalitoa hesabu ya dunia nzima: katika nyumba zisizo na maji kwao, saba kwa kumi huwategemea wanawake na wasichana kwenda kuyachota. Kwetu Kongo hesabu hiyo haimshangazi mtu. Anayesimama kando ya njia ya kisima asubuhi na mapema ameijua bila kuisoma. Bidoni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Mama anaibeba kichwani au mgongoni, mara mbili, mara tatu kwa siku, na binti yake nyuma anabeba bidoni ndogo. Kiangazi kikizidi urefu wake, chemchemi ya karibu inakauka, na njia inaongezeka. Nani ameongezewa njia? Watu husema «nyumba imekosa maji». Lakini nyumba haina miguu. Ni miguu ya mtu mmoja inayoongezewa njia, na mara nyingi ni saa za shule za msichana zinazopunguka.

Tutazame moto. Katika Kongo yote watu wenye umeme nyumbani hawafiki robo. Wengine wote hupika kwa kuni na kwa makala. Shirika la Afya la dunia limehesabu kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu karibu milioni 3.2, na katika hao watoto wa chini ya miaka mitano walizidi 237,000. Ni nani anayeinama juu ya mafiga au mbabula kila siku, na mtoto mgongoni? Kila msomaji anaweza kujibu mwenyewe.

Na kabla ya moshi kuna safari ya kuni. Katika kambi za watu waliokimbia vita pembeni mwa Goma, mwaka 2023 na mwaka 2024, waganga walioganga huko walieleza kwamba wanawake wengi walioshikwa kwa nguvu walikutwa na ubaya huo walipotoka kambini kutafuta kuni na chakula. Watoto walikuwa na njaa. Sufuria haichemki bila moto. Msitu ulikuwa na watu wenye silaha. Mama alichagua kati ya njaa ya watoto na hatari ya mwili wake. Uchaguzi wa namna hiyo haumpasi mtu yeyote.

Tutazame magonjwa. Ebola iliyoanza Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini na kufika Ituri, ikamalizika Juni 2020, iliua watu zaidi ya 2,200. Zaidi ya nusu ya waliougua walikuwa wanawake. Je, Ebola inachagua? Hapana. Lakini desturi yetu ndiyo iliyochagua. Ni nani anayemwosha mgonjwa, anayefua nguo zake, anayemlisha, anayekesha karibu naye? Ugonjwa ulifuata njia ambayo huruma ilikuwa imekwisha kuipiga.

Tutazame mwisho mvua. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, mito ilifurika katika wilaya ya Kalehe, kando ya ziwa Kivu. Maji na mawe yalishuka kutoka milimani yakafunika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Siku ile huko Nyamukubi ilikuwa siku ya soko, na twajua sokoni kwetu ni nani wanaokaa chini mbele ya ndizi, sombe na samaki. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika nalo lilipanda, likaingia katika nyumba za watu wa Uvira na Kalemie. Na mahali maji machafu yanapochanganyika na maji ya kunywa, kolera haiko mbali.

Basi, mvua haichagui, homa haichagui. Lakini mvua na homa zinaanguka juu ya nyumba ambamo kazi na hatari zimekwisha kugawanywa tangu zamani, na hazikugawanywa sawasawa. Msiba unaongeza uzito juu ya bega ambalo tayari lina mzigo. Hili ndilo jambo la kwanza la kushika.

Haki maana yake nini?

Sasa tuulize kwa akili. Haki ni nini? Waalimu wetu wa Seminari walitufundisha maana ya kale: ni nia thabiti ya kumpa kila mtu kilicho chake. Walitufundisha pia kwamba Aristoteli wa Ugiriki, na nyuma yake Mtakatifu Tomaso wa Akwino, walitenga haki ya namna mbili. Kuna haki ya kubadilishana, kama sokoni: ukinunua kilo ya chumvi, bei ni ile ile, uwe tajiri, uwe maskini. Na kuna haki ya kugawanya, yaani namna wakubwa wa inchi wanavyogawanya mali na mizigo ya wote. Katika haki hii ya pili, kumpa kila mtu kipande kile kile kunaweza kuwa udhalimu. Mganga anayewapa wagonjwa wote dawa moja, mwenye malaria na mwenye mfupa uliovunjika, hakuwatendea sawa. Hakuwatazama tu.

Sheria ya maji, sheria ya misitu na sheria ya afya ni za namna ya pili hii. Zinagawanya vitu vya wote: chemchemi, miti, dawa, fedha ya kodi. Basi haziwezi kuwa za haki zisipotazama kwanza nani amebeba nini. Mbunge akisema, «Mimi sitazami mume wala mke, natazama raia tu,» anadhani kwamba anasema neno la usawa. Kwa kweli amefumba macho mbele ya mizani.

Hapa mtu aweza kututahadharisha: «Mnataka kufanya mume na mke kuwa kitu kimoja. Mungu amewaumba mbalimbali.» Twajibu kwamba tunajua vema kuwa wameumbwa mbalimbali, tena kwa sababu hiyo sheria ya afya isiyomkumbuka mwenye mimba ni sheria yenye upungufu. Lakini tutenge mambo mawili. Kuzaa na kunyonyesha ni maumbile. Kubeba bidoni si maumbile. Hakuna kiungo katika mwili wa mwanamke kilichoumbwa kwa ajili ya bidoni. Hiyo ni desturi, na desturi iliwekwa na watu. Watu waweza kuitengeneza. Maumbile yanaomba sheria iyalinde. Desturi inaomba sheria iipime kama ni ya haki.

Sheria zetu zinasema nini?

Wengine wafikiri kwamba mawazo haya yameletwa na wageni. Tufungue basi Katiba ya inchi yetu, ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 14 kinaagiza wakuu wa inchi waondoe ubaguzi wowote juu ya wanawake, na Serikali ihakikishe usawa wa hesabu yao katika mashauri ya taifa, ya jimbo na ya mahali. Kifungu cha 47 kinalinda haki ya afya na ya chakula. Kifungu cha 48 kinalinda haki ya kupata maji safi na umeme. Kifungu cha 53 kinasema kwamba kila mtu ana haki ya kukaa mahali penye hewa, maji na udongo visivyoharibika, tena ana wajibu wa kuvilinda, na Serikali iangalie mambo hayo pamoja na afya ya watu.

Kisha zikaja sheria za kutimiza Katiba. Sheria ya kulinda mazingira ilitolewa tarehe 9 Julai 2011. Sheria ya haki za mwanamke na usawa wake ilitolewa tarehe 1 Agosti 2015. Sheria ya maji ilitolewa tarehe 31 Desemba 2015. Mwaka 2016 kitabu cha sheria za jamaa, kilichokuwa cha mwaka 1987, kilitengenezwa upya katika vifungu vingi. Sheria ya afya ya watu wote ilitolewa tarehe 13 Desemba 2018, ikatengenezwa tena mwaka 2023.

Tazameni: sheria ya usawa wa wanawake na sheria ya maji ni watoto wa mwaka mmoja, kati yao ni miezi mitano tu. Lakini katika ofisi nyingi ya kwanza inakaa katika kabati la «mambo ya wanawake», na ya pili katika kabati la «mafundi wa maji». Ni kama matofali mazuri yaliyolala chini, kila moja mahali pake. Matofali yaliyotengana si ukuta. Kazi ya wakati wetu ni kuyaunganisha: anayesoma sheria ya maji awe ameweka pembeni yake sheria ya usawa, na anayepanga fedha ya afya aulize kama moshi na bidoni vimo ndani ya hesabu yake.

Sheria nzuri yaweza kuumiza

Tuchukue mfano mmoja. Pori la Virunga lililindwa kwa sheria tangu mwaka 1925, na mwaka 1979 liliandikwa katika urithi wa dunia nzima. Ni kweli kabisa kwamba miti ile haifai kumalizika. Mlima usio na miti hauzuii maji. Kalehe imetufundisha jambo hilo kwa machozi. Basi sheria inakataza kukata miti ya pori na kuchoma makala ndani yake. Shabaha ni njema, na hatuipingi.

Lakini tuifuate sheria hiyo mpaka jikoni. Makala yakikatazwa, bei inapanda. Nani anatafuta franka za kuongeza? Mama, katika fedha ya mboga. Akikosa makala, anarudia kuni. Akikosa kuni karibu, anakwenda mbali, na mlinzi au mwizi akimkuta, yeye ndiye anayenyang'anywa mzigo. Wenye lori na wenye silaha wanaofanya biashara kubwa ya makala mara nyingi hawaonekani njiani na kichwa kilichotwishwa. Hivyo sheria ya kuponya mlima inalipwa na yule ambaye hakuumaliza mlima.

Je, tuache miti ikatwe? Hapana. Twasema kwamba aliyetunga katazo analo deni la kutoa njia nyingine. Mwaka 2015 kituo cha umeme cha maji cha Matebe kilifunguliwa huko Rutshuru, na baadaye nyumba za Goma zilianza kupata umeme wake. Hilo lilionyesha kwamba njia nyingine yawezekana: maji yale yale yanayoshuka kutoka porini yanaweza kupika chakula pasipo mti kukatwa. Bado inabaki shida ya bei, maana umeme unaopita juu ya paa la maskini haumpikii. Lakini sasa twaona vema: sheria ya haki inakataza kwa mkono mmoja na kutoa kwa mkono mwingine. Inayokataza tu, imemtwika mama na kuita mzigo wake «faida ya wote».

Tujibu wanaobisha

Wa kwanza husema: «Mwanaume ndiye kichwa cha nyumba. Sheria ikimtia mwanamke katika mashauri ya maji na ya misitu, itavunja nyumba.» Sisi wakristu tunayo habari ya kale katika kitabu cha Hesabu. Selofadi alikufa jangwani pasipo mtoto mwanaume. Binti zake watano hawakunung'unika jikoni; walisimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa, mbele ya kuhani na wakubwa wote, wakaomba shamba la baba yao. Musa hakujibu kwamba desturi ni desturi. Alilipeleka neno lao kwa Mungu, na jibu likawa kwamba wasichana wamesema haki. Kisha likawa sheria kwa taifa zima. Nyumba ya Israeli haikuvunjika kwa hiyo.

Tena Papa Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, aliliweka jambo la wanawake kuingia katika mashauri ya inchi kati ya alama za nyakati zetu, na hakulisema kwa kulia. Alilitambua kuwa ni dai la heshima ya mtu. Na kwetu wenyewe Sophie Kanza alikuwa waziri tangu mwaka 1966. Mwaka 2024 Judith Suminwa Tuluka aliwekwa kuwa waziri mkuu, wa kwanza mwanamke katika Kongo. Basi jambo hili si nguo ya kuazima.

Na shamba la binti za Selofadi si hadithi ya mbali. Serikali inahimiza watu wapande miti ili kuzuia udongo usishuke. Mti unaomba miaka kumi na zaidi. Mjane anayejua kwamba ndugu za marehemu watamwondoa mwaka ujao, atapanda mti kwa ajili ya nani? Atapanda maharagwe, ayavune kabla hawajafika. Hapo ndipo haki ya mwanamke na usalama wa mlima vinapokuwa neno moja.

Wa pili husema: «Sheria ni karatasi. Leta inaandika, sisi tunaendelea kama zamani.» Neno hili lina kweli ndani yake, na hatulifichi. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 2006 iliagiza orodha za wagombea zitazame usawa wa wanaume na wanawake, kisha kifungu kile kile, cha 13, kikasema kwamba orodha isiyotimiza usawa huo haitakataliwa kwa sababu hiyo. Sheria inayoomba na papo hapo kusamehe, imejifunga mikono yenyewe.

Lakini si karatasi zote ni tupu. Zamani, kwa kitabu cha mwaka 1987, mke aliyeolewa hakuweza kujifunga kwa mapatano mbele ya sheria bila ruhusa ya mumewe. Mwaka 2016 ruhusa ile iliondolewa. Sasa mume na mke wote wawili wanapaswa kupatana. Karatasi ile imefungua mlango kwa mama anayetaka kukopa fedha ya kisima au ya shamba. Vilevile Septemba 2023 Serikali ilianza, kwanza Kinshasa, mpango wa kuzalisha akina mama bila malipo. Wote twajua mambo yaliyokuwako, na mahali pengine yapo hata leo: mama amezaa salama, lakini hawezi kutoka hospitali kwa sababu deni halijalipwa, mtoto wake ananyonya mahali palipogeuka kuwa kifungo. Mpango ule una upungufu, dawa hukosekana, na waganga huchelewa kupata mshahara wao. Lakini kila mama aliyetoka akitembea na mtoto wake bila kufungwa na deni ni ushuhuda kwamba karatasi ikitiwa fedha, inakuwa kitu.

Wa tatu husema: «Inchi ni maskini. Tupate kwanza maji, usawa utafuata.» Hawa ndio wanaoonekana wenye busara kuliko wote, na ndio wanaokosea zaidi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanaume kumi wakikaa peke yao kuchagua mahali pa robine, wanaweza kuiweka karibu na barabara au karibu na nyumba ya mkubwa, ambapo gari la wageni litaiona. Mama anayechota angewaambia kwamba njia ile ina giza jioni, kwamba mteremko wake unamwangusha mwenye mimba, kwamba saa za kufungua hazipatani na saa za shamba. Hakuulizwa, basi anarudi mtoni, na robine inabaki kama sanamu. Fedha imekwisha, na maji hayakupatikana. Kwa maskini hasa ndiyo haifai kujenga mara mbili. Usawa si pambo la kutia juu ya kazi iliyokwisha. Ni sehemu ya msingi.

Mambo manne ya kuomba

Tukiwa watu wa kutii sheria, tuwe pia watu wa kuiomba iwe bora. Twaona mambo manne yanayofaa kutiwa katika kila sheria ya maji, ya misitu, ya majira na ya afya.

La kwanza, kuhesabu. Wanapoandika waliougua, waliokufa, waliokimbia mafuriko, waandike wanaume mbali na wanawake mbali. Jambo lisilohesabiwa halitiwi fedha.

La pili, viti. Jirani zetu wa Kenya, katika sheria yao ya majira ya mwaka 2016, waliandika kwamba watu wanaowekwa katika baraza kuu la kazi hiyo wafuate kanuni ya kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili. Jambo kama hilo lawezekana kuandikwa hata kwa kamati ya chemchemi ya kijiji. Wala isitoshe kumweka mama mmoja wa kuandaa chai ya mkutano; wawe wengi, na mmoja ashike sanduku la fedha.

La tatu, njia nyingine. Kila katazo lije pamoja na kitu cha kushika mahali pa kilichokatazwa: jiko lisilo na moshi mwingi, miche ya miti ya kuni karibu na nyumba, umeme wa bei inayowezekana.

La nne, mshahara na kinga kwa wanaotunza wagonjwa. Ugonjwa mkubwa ukija, wanawake wa mtaa wanaitwa «wenye moyo mwema» na kupewa kazi ya bure. Moyo mwema ni jambo takatifu, lakini hauzuii kolera. Wapewe glavu, sabuni, mafundisho, na franka za kazi yao kama mfanyakazi mwingine.

Na sisi nyumbani?

Ingekuwa rahisi kuwaachia wabunge mambo yote hayo. Lakini sheria ina mpaka. Haiingii jikoni na kubeba bidoni. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha inchi na kilio cha maskini vinasikilizwa pamoja. Twaongeza neno dogo: nyumbani mwetu maskini wa kwanza huyu hayuko mbali. Twakaa naye meza moja.

Wanaume wenzetu, mithali yasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tumeutazama mzigo huo miaka mingi, tukauona mwepesi kwa sababu haukuwa juu yetu. Mwanaume mwenye baiskeli anayepita kisimani na kurudi na bidoni mbili hakupoteza ukichwa wake wa nyumba. Kijana wa kiume anayefundishwa kuchota maji na dada yake hatakuwa mwanamke. Atakuwa mbunge au chefu anayejua uzito wa kilo 20. Labda ndiyo shule ya sheria iliyo bora kuliko zote.

Nanyi akina mama, msingoje kuitwa. Katika mashirika yetu ya mtaa mnajua kuhesabu mchango mpaka franka ya mwisho, na kumzika maiti kwa heshima bila kukosa kitu. Watu wanaoweza hayo waweza kukaa katika kamati ya maji na kumwuliza fundi bomba limegharimu kiasi gani. Binti za Selofadi walikuwa watano tu. Hawakuenda peke yao, kila mmoja na uchungu wake. Walikwenda pamoja, na neno moja lililo wazi.

Basi siku za kura zitakaporudi, wagombea watakuja na nyimbo na vitenge, na kutuahidi maji. Wengi watauliza: «Mtaleta bomba ngapi?» Tusiache hapo. Tuulize pia: «Nani atachagua mahali pa bomba? Nani atashika ufunguo? Mkikataza makala, sufuria ya mama itachemka kwa moto gani? Mwenye mimba akifika hospitali usiku pasipo franka, sheria yenu itamwambia nini?» Anayeweza kujibu maswali hayo ameelewa kwamba haki ya inchi inapimwa mahali palipo chini kabisa, yaani juu ya kichwa cha yule anayebeba. Asiyeweza kujibu, tumshukuru kwa kitenge, na tumpe mwingine kura.